Usisome Mgongo wa Gari

Jumatatu iliyopita sikwenda gereji kule Mchesi. Niliamka saa ile ile, nikajifunga kitambaa kichwani, nikakaa mlangoni pangu hapa kambini Dzaleka nikitazama ukungu ukinyanyuka taratibu juu ya mashamba ya mahindi, na mikono yangu haikujua iende wapi. Bega la kulia limekataa kuinua kitu kizito kuliko sufuria, na macho hayasomi tena maandishi madogo kwenye chuma. Karatasi zangu zinasema nina miaka hamsini. Bega linasema sabini. Umri wangu wa kweli uko chini ya yote mawili, na nitaufikia.

Vijana wa gereji waliniambia: "Yaya, andika, maana unaondoka na vitu vyote kichwani." Yaya kwetu ni dada au kaka mkubwa, na nimeitwa hivyo na watu wengi kuliko niliozaliwa nao. Basi naandika. Shule niliacha mwaka wa pili wa sekondari kule Bukavu, kwa hiyo mkikuta nukta imekaa pasipo pake, isogezeni wenyewe.

Baba na mama walifariki ndani ya mwaka mmoja. Tulibaki wanne: mimi na wadogo zangu Bahati, Zawadi na Neema, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni akichoka. Njia ya kutoka Bukavu mpaka Malawi siiandiki. Haikuwa kazi, na hapa naandika mambo ya kazi.

Lakini kazi yangu ilianzia kwenye foleni ya kujiandikisha kambini. Mama mmoja nyuma yangu alininong'oneza kwamba watoto wasio na mtu mzima hugawanywa kwenye familia, mmoja huku, mwingine kule. Nilipofika mezani karani akauliza mtu mzima wa nyumba ni nani. Nikasema ni mimi. Akauliza miaka. Nilikuwa na kumi na saba. Nikasema ishirini na mbili.

Aliniangalia kwa muda, akaandika. Kisha akasema baada ya miezi mitatu mama mmoja wa kutembelea familia atapita, kuona kama kweli kuna mtu mzima anayeshika nyumba na ana kazi ya kueleweka. Kama hakuna, watoto watapata familia nzuri, kila mmoja yake. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Kila nilichofanya katika ile miezi mitatu nilikifanya nikisikia maneno hayo: kila mmoja yake.

Lilongwe nilimjua mtu mmoja tu, Papa Deo, fundi wa injini aliyewahi kusali na baba yangu kule Bukavu. Alikuwa fundi mkuu katika gereji ya Bambo Phiri (bambo huku ni bwana) pale Mchesi: uwanja mweusi kwa mafuta, mabati manne juu, na magari yaliyofunguliwa midomo kama wagonjwa wa meno. Alinikuta nimesimama getini na begi la plastiki.

"Unajua nini?" akauliza.

"Kuosha vyombo."

"Basi ingia. Moteri nayo ni vyombo. Tofauti, hii haiishe kuoshwa."

Wiki za kwanza niliosha. Petroli kidogo kwenye beseni, brashi ya waya, matambara. Jumatatu hadi Ijumaa nililala kwa mke wa Papa Deo, na Ijumaa jioni nilipanda basi dogo kurudi kambini, ambako jirani yetu aliwaangalia wadogo zangu. Baada ya chakula cha mchana tulilala kidogo kwenye viti vilivyong'olewa magarini, na katika usingizi ule mfupi niliona injini zikipumua kama ng'ombe waliolala, mvuke ukitoka puani, nami nikipita katikati yao na beseni langu bila kuwaamsha. Mpaka leo ndoto hiyo inanijia mchana, na sijawahi kuona ubaya wake.

Papa Deo alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wengine waliicheka. Kabla hujagusa gari, unatafuta ubavuni mwa injini pale palipogongwa namba, unasafisha sehemu kama kiganja, unaisoma kwa tochi, halafu unaiandika kwa chaki ndani ya boneti. Aliita kusalimia.

"Unaingiaka ku nyumba ya bantu bila hodi?" aliniuliza.

"Hapana, Papa."

"Sasa hii nayo unaipigia hodi. Na usisome mgongo. Mgongo iko na uongo."

Mgongo alimaanisha zile namba zinazobandikwa kwenye mlango wa buti. Sikumwelewa. Gari limeandikwa na waliolitengeneza. Mimi niliyeacha shule nilibishie?

Ndipo likaja gari la Bambo Banda. Alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku kutoka Mponela, mtu mrefu mwenye kofia ambayo hakuivua hata alipochungulia chini ya gari. Gari lake lilikuwa la Kijerumani, la buluu, na nyuma liliandikwa 323. Lilikuwa limechemka barabarani mpaka gasketi ya hedi ikaungua. Gasketi ya hedi, kwa msiojua, ni ule utando mwembamba ulalao kati ya sehemu ya juu na ya chini ya injini na kuzuia maji, mafuta na moto visikutane. Ikiungua, vinakutana, na injini inakunywa maji yake yenyewe.

Papa Deo alifungua hedi, akaipeleka kunyooshwa kwa mashine. Ilikuwa Ijumaa. Akaniambia nisalimie injini, nimpe Bambo Phiri namba, naye apige simu kuagiza gasketi Johannesburg. Niliinama. Ubavu wa injini ulikuwa na tope la mafuta nene kama nsima ya jana, ule ugali wa huku. Basi la kambini lilikuwa linapiga honi barabarani, Neema alikuwa na homa tangu Jumatano, na nilikuwa nimevaa blauzi yangu moja safi. Nikazunguka nyuma ya gari, nikasoma mgongo, nikaandika kwa chaki ndani ya boneti: 323, lita mbili nukta tatu. Nikamwambia Bambo Phiri hivyo hivyo. Nikakimbilia basi.

Gasketi ilifika baada ya wiki mbili, Alhamisi, na basi la Afrika Kusini. Bambo Banda alikuwepo, maana mnada wa tumbaku ulikuwa umefunguliwa na alichoka kuomba lifti. Papa Deo aliilaza juu ya injini na wote tukainama. Matundu ya maji hayakukutana. Duara za silinda zilikuwa ndogo kuliko silinda zenyewe, kama mtu aliyevaa kofia ya mtoto. Papa Deo akachukua brashi ya waya, akasugua ubavu, akamulika. Namba iliyogongwa pale ilianza na mbili na tano.

Bambo Phiri alizungumza Kichewa, na nitamwandika kwa Kiswahili. "Nani alisoma namba tuliyoagizia?"

Papa Deo hakuniangalia. "Ni mi," akasema. "Macho ya uzee."

Nilijua anachofanya. Yeye hangefukuzwa, gereji ile ilisimama juu ya mikono yake. Mimi ningefukuzwa, na yule mama wa kutembelea familia alikuwa ametangaza kuja Jumatatu. Zilikuwa zimebaki siku nne. Ningenyamaza, nyumba yetu ingekuwa salama. Lakini chaki ile ndani ya boneti ilikuwa mwandiko wangu, na mzee aliyenipa mahali pa kulala alikuwa ameuvaa mbele ya mteja.

"Hapana, Papa," nikasema. "Ni mimi. Nilisoma nyuma ya gari. Nilikuwa na haraka ya basi."

"We mutoto, nyamaza."

"Nimeshasema."

Bambo Banda alisukuma kofia yake nyuma. Bambo Phiri alikunja gasketi ile ambayo haikustahili kukunjwa. "Gari hili likitoka Jumamosi, unabaki," akasema. "Lisipotoka, Jumatatu usije."

Wiki mbili nyingine za kungoja Johannesburg hazikuwepo. Papa Deo alisubiri waondoke, akaketi juu ya tairi, na badala ya kunigombeza akanieleza jambo ambalo sasa nawaachia nyinyi.

Zamani, akasema, namba ile ilikuwa ukweli. Gari la kwanza lililoitwa 323 lilikuwa na injini ya lita mbili na pointi tatu, na walioko Johannesburg walituletea gasketi yake. Halafu wenye kiwanda wakabadilisha injini, wakaweka ya lita mbili na nusu. Lakini juu yake walikuwa na gari jingine lenye injini kubwa zaidi na bei kubwa zaidi, na walitaka mnunuzi aone ngazi wazi kati ya hayo mawili. Basi wakaifunga hii nguvu kidogo na kuipa namba ya chini.

"Namba haiko tena kipimo," Papa Deo akasema. "Iko cheo. Kama kolonel ya kwetu. Ukisikia kolonel, unajua banamupigia saluti. Hauwezi kujua iko na basoda wangapi." Basoda kwetu ni askari.

Nilicheka, na katikati ya kucheka nikaanza kulia, na Papa Deo akanipa tambara la mafuta nijifute. Halafu akanionyesha la kufanya. Alipasua boksi la katoni, akalilaza juu ya injini, akanipa nyundo yenye kichwa cha mviringo. Gonga taratibu kwenye kingo zote, akasema, chuma chenyewe kitachora. Niligonga mpaka jua likahama. Kila ukingo uliacha alama yake ya mafuta kwenye katoni: duara sita kubwa katikati, na matundu madogo ya maji na boliti yakizizunguka. Nikayakata kwa wembe.

"Kesho unazunguka nayo," akasema. "Bakikuuliza namba ya gari, usitaje."

Ijumaa ile nilitembea Lilongwe nzima, hivi ndivyo ninavyoikumbuka, ingawa lazima ilikuwa maduka kumi au kumi na mawili tu. Nilibeba katoni kifuani kama picha ya marehemu. Jua lilipita kwenye matundu sita na kuniwekea miezi sita ya mwanga kwenye blauzi, ikitembea nami. Watu walinipisha njia. Kila duka waliuliza gari gani, mwaka gani, namba gani, nami kila duka nilisema sina namba, nina hii. Wawili walinicheka. Mmoja alidhani nauza katoni.

Duka la mwisho lilikuwa la mzee wa Kihindi karibu na stendi. Gasketi zake zilining'inia ukutani kwenye misumari, zikiyumba feni inapozigeukia.

"Namba ya gari?" akauliza.

"Sina, bwana. Naomba nilaze hii juu ya zako."

"Zote?"

"Zote zenye matundu sita."

Alivuta pumzi kama mtu anayeombwa figo, lakini akaanza kuzishusha. Ya kwanza haikukutana. Ya pili haikukutana. Ya tatu alisita, akaisukuma kando. "Hii ya 525. Gari kubwa. Hukusema una gari kubwa."

"Sikusema nina gari lolote."

Akailaza. Duara juu ya duara, tundu juu ya tundu. Aliinua vyote viwili pamoja kuelekea dirishani na mwanga ukapita kote bila kizuizi, na sote wawili tukatazama, kama watu walio mbele ya dirisha la kanisa. Gasketi ya Bambo Banda ilikuwa imening'inia ukutani pale muda wote tulipokuwa tukiingoja kutoka nchi nyingine, kilomita moja na nusu kutoka gereji, chini ya jina la gari jingine.

Jumamosi alasiri gari likawaka. Papa Deo alikaza boliti za hedi kwa mpangilio wake, kuanzia katikati kwenda nje kama anayetandika shuka, kila mzunguko akinitajia namba ya boliti nami nikiirudia. Bambo Banda aliweka sikio karibu na boneti na kusema haamini mpaka afike kwake. Atarudi Mponela Jumatatu alfajiri, nami nipande naye. Likichemka, niwe karibu nilaumiwe.

Halikuchemka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara ya kaskazini na tulipita ndani yake kama ndani ya pamba, na sindano ya joto ilisimama katikati, haikutikisika. Niliiangalia hiyo sindano tu. Tulipofika njia panda Bambo Banda alikata kuelekea kambini bila kuombwa.

Mama wa kutembelea familia alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye kiti chetu pekee, daftari magotini, na wadogo zangu watatu wamesimama mbele yake kwa urefu, nyuso zimepakwa mafuta mpaka zinang'aa. Bahati ndiye aliyewapaka. Nilishuka kwenye gari la buluu na nguo za kazi.

"Wewe ndiye mkubwa?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Hapa imeandikwa ishirini na mbili." Alinitazama usoni, akashuka mpaka miguuni, akarudi usoni. "Mimi nina binti wa miaka kumi na saba nyumbani."

Zawadi alimshika Neema mkono. Bambo Banda alikuwa ameshuka kunyoosha miguu, na yule mama akamgeukia. "Bambo, huyu unamfahamu?"

"Huyu?" akasema Bambo Banda. "Huyu alinikalisha wiki mbili bila gari, wakati wa mnada."

Nilifumba macho.

"Aliagiza kitu kibaya," akaendelea. "Mzee wa pale alitaka kubeba lawama, naye akakataa. Alisema mbele yangu: ni mimi. Halafu akazunguka mji mzima na katoni mpaka akakipata. Mayi, nina makarani wa tumbaku wenye wajukuu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia ni mimi."

Yule mama aliweka kalamu chini. Kisha akaniomba mikono, akaigeuza viganja juu, mafuta meusi kwenye kila mstari. Aliirudisha kwangu kama anayerudisha sahani.

"Karatasi inasema ishirini na mbili," akasema. "Mimi nasoma karatasi. Watoto wanabaki hapa." Akaandika, akafunga daftari. Bahati ndiye aliyeanza kulia, na alikuwa amejisifu wiki nzima kwamba hatalia.

Baada ya hapo ni miaka tu, na miaka hupita gerejini bila kutazamwa, kama magari yaliyotengenezwa vizuri. Papa Deo alistaafu, kisha tukamzika. Nikashika brashi yake.

Namba za mgongoni ziliendelea kuhama. Yalikuja magari yenye turbo, ambayo husukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini ndogo mpaka ifanye kazi ya kubwa. Gari linaandikwa 28, unafungua unakuta lita mbili tu, na linakimbia kuliko baba yake wa lita mbili na pointi nane. Wenye kiwanda watakwambia namba inaeleza nguvu, au nafasi ya gari kati ya ndugu zake. Sawa. Lakini wewe huweki oili kwenye nafasi, unaiweka kwenye injini. Ukifuata mgongo utamwaga nyingi au utapunja. Plagi, mikanda, gasketi, vyote vivyo hivyo. Na wako wenye magari wanaojibandikia wenyewe. Bwana mmoja wa mtaa wa Area 18 aliweka alama ya injini kubwa kuliko zote kwenye gari dogo kuliko yote, halafu akanilalamikia kwamba halipandi kilima. Mwingine aling'oa alama zote ili majirani wasijue. Nikawasalimia wote ubavuni. Ubavu haujanidanganya bado, isipokuwa namba iliyofutwa na kugongwa upya, na hapo mwenye gari uso wake utakwambia.

Na nyumbani, hapa, mlango uliendelea kufunguka na kufungwa. Bahati alijifunza kuchomelea, akahamia Mponela kufuata kazi. Wiki mbili kabla alikuwa anazunguka nyumba akigusa kuta. Zawadi alichukuliwa na mume wake nchi yenye theluji, na kwenye simu ananiambia theluji haina sauti, jambo ambalo najaribu kulifikiria nikiwa nimefumba macho. Neema ndiye aliyekaa zaidi. Aliposomea ushonaji alishona hapa hapa, cherehani yake na redio yangu zikishindana.

Umri wangu sikuusahihisha kamwe. Nina miaka arobaini na mitano. Ile mitano ya juu niliifanyia kazi, nadhani ni yangu.

Neema aliolewa mwaka jana, Jumamosi, watu wakimngoja nje na ngoma na vigelegele. Alitoka chumbani na gauni alilolishona mwenyewe, akafika mlangoni, akainama kidogo kwa sababu mlango wetu ni mfupi na kitambaa cha kichwa kilikuwa kirefu. Halafu akageuka.

"Yaya, umekunywa dawa ya bega?"

"Nitakunywa. Nenda, bantu banakungoja."

"Kunywa mi nikiona."

Nikanywa, na maji ya kikombe kizima, yeye akinitazama na gauni limejaa mlango wote. Aliporidhika akatoka. Alikuwa wa mwisho. Nilisimama pale ndani nikawahesabu wote watatu, na hakuna aliyekuwa amechukuliwa na daftari la mtu. Kila mmoja alitoka kwa miguu yake, siku aliyoichagua, nami nilikuwa mlangoni.